Shanga ya sita

Kila ifikapo Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, humkumbuka mwalimu wetu wa biolojia na kopo lake la shanga. Somo lilikuwa protini. Hatua nne za umbo la protini tulikuwa tumezikariri kama kasuku bila kuelewa hata moja. Akatunga shanga kwenye uzi, akasema kila moja ni asidi amino, kisha akaukunja uzi kiganjani ukawa donge. Kazi ya protini, akatuambia, imo katika mkunjo wake. Halafu akaufumua, akahesabu hadi ya sita, akaitoa, akatia ya rangi nyingine. Hiyo ndiyo selimundu, au sikoseli.

Hakutuambia kwamba sehemu kubwa ya habari hiyo ilikusanywa hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alieleza chembe za damu zilizopinda kama mundu, alizoziona kwa mwanafunzi kutoka Grenada. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake, wakiwa California, walipitisha umeme kwenye hemoglobini ya wagonjwa na ya wazima, wakaona haziendi sawa. Ugonjwa ukawa umefuatiliwa hadi ndani ya molekuli moja ya protini. Hilo vitabu vinalisema.

Mwaka huo huo wa 1949 kijana Anthony Allison alikuwa Kenya na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya. Hakuwa mgeni: alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia shambani karibu na Gilgil. Alichukua damu za watu wa makabila mbalimbali akaona jambo la ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, wenye chembe zinazopinda walizidi asilimia 20 katika baadhi ya jamii. Nyanda za juu walikuwa haba. Swali likaja lenyewe. Kama ugonjwa huu unaua watoto, mbona jeni yake haitoweki?

Kumbukumbu alizoandika mwaka 2002 ndizo ninazozitegemea hapa, na kama kumbukumbu nyingi, zinampendelea mwenyewe. Hermann Lehmann na Alan Raper walikwishachapisha mwaka 1949 jinsi sikoseli ilivyosambaa Uganda. Lakini Allison ndiye aliyeishikia bango malaria: anayerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu haugui sikoseli, na malaria haimwezi kirahisi. Alipima watoto 290 Uganda. Kati ya 43 wenye jeni hiyo, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113.

Kisha akafanya jambo ambalo leo kamati yoyote ya maadili ingelikataa mlangoni. Alichukua Wajaluo watu wazima 30 waliojitolea, ambao walikuwa wameishi mbali na malaria kwa zaidi ya mwaka mmoja, akawaambukiza malaria kwa makusudi. Nusu yao walikuwa na jeni ya sikoseli. Kati ya 15 wasio nayo, 14 walionekana na vimelea. Kati ya wenye nayo, wawili tu. Baadaye wote walitibiwa. Makala yake ilitoka mwaka 1954, na ubishi haukuchelewa. Watafiti wa Marekani walijaribu jambo kama hilo mwaka 1955 wasione kinga yoyote. Wengine wakasema watu wazima waliokulia penye mbu wana kinga yao ya utotoni, basi jaribio limechafuka tangu mwanzo. Hoja hiyo haikuwa dhaifu. Kilichomwokoa Allison ni watoto: kwao ndiko kinga ilikoonekana wazi, tena dhidi ya malaria kali inayoua. Kwamba walioumwa na mbu kwa ajili ya hoja hii walikuwa raia wa koloni, wapinzani wake wa wakati ule hawakuona tatizo.

Hemoglobini ya sikoseli kutoka kwa Allison ilifika Cambridge, kwenye maabara ya Max Perutz. Hapo Vernon Ingram aliikatakata kwa kimeng'enya cha tripsini, akatandaza vipande kwenye karatasi iliyoloweshwa, umeme ukavisukuma upande mmoja na kimiminika upande mwingine. Karatasi ikabaki na madoa yapatayo 30. Yote yalilingana na ya damu ya kawaida isipokuwa doa moja lililohama. Kufikia mwaka 1957 alikwishajua sababu: palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini. Ni shanga moja katika mnyororo wenye shanga 146. Glutamiki hupenda maji. Valini huyakimbia, na oksijeni ikishaondoka hujipenyeza kwenye kijishimo cha hemoglobini ya jirani. Zikishikana hivyo huwa fito ndefu, na fito huikunja chembe.

Baada ya hapo vilikuja vipimo kwa watoto wachanga, dawa ya haidroksiyurea, na mwaka 2023 tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani kwa bei ya dola milioni 2 na ushei, ambayo mzazi wa Geita ataisikia redioni tu.

Kitabu cha binti yangu cha kidato cha tatu kina picha ya chembe mbili, ya duara na ya mundu, na jina la Pauling. Nikamfungulia ramani nikamwonyesha Gilgil. Akauliza kama hilo hutoka kwenye mtihani. Nikamwambia halitoki, akarudi kwenye picha yake.