Tone la Macho ya Mtoto Mchanga: Kutoka Leipzig hadi Kikuyu

Katika Ulaya ya karne ya 19, mtoto aliyezaliwa na mama mwenye kisonono aliweza kupofuka katika majuma ya kwanza ya uhai wake, kwa kuwa bakteria wa maradhi hayo humwingia machoni anapopita katika njia ya uzazi, wakasababisha usaha mwingi na hatimaye kuitoboa konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Albert Neisser alimtambua bakteria huyo mwaka 1879. Mwaka uliofuata Carl Credé, daktari wa uzazi mjini Leipzig, alianza kuwatia watoto wote tone la nitreti ya fedha, ambayo ni chumvi ya madini ya fedha iliyoyeyushwa katika maji kwa kiwango cha asilimia 2, na maradhi yaliyokuwa yakimpata takriban mtoto mmoja kati ya kumi hospitalini mwake yakashuka hadi chini ya asilimia 1.

Dawa hiyo iliwasha, ikayafanya macho mengi kuwa mekundu kwa siku moja au mbili, na maji yake yalipopungua chupani ukali wake ulizidi hata kuweza kuiunguza konea. Ndiyo maana antibiotiki zilipoenea baada ya miaka ya 1940 zilipokelewa kwa furaha, ingawa kilichokimbiwa kilikuwa madhara ya nitreti ya fedha, wala si kushindwa kwake. Antibiotiki hulenga sehemu mahususi ya bakteria, kwa hiyo badiliko dogo la sehemu hiyo, au kimeng'enya kimoja cha kuivunja dawa, laweza kumwokoa. Mwaka 1976 walitambuliwa bakteria wa kisonono wenye kimeng'enya cha kuvunja penisilini, ambacho jeni yake hubebwa na plasmidi, kipande cha DNA kinachoweza kupita kutoka bakteria mmoja hadi mwingine; muongo mmoja haukupita kabla usugu wa namna hiyo haujaifikia tetrasaiklini, antibiotiki nyingine.

Swali la dawa ipi inafaa zaidi lilihamia Kenya. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba nitreti ya fedha ilipunguza maambukizi ya kisonono machoni kwa asilimia 83, na marhamu ya tetrasaiklini kwa asilimia 93. Kisha, katika utafiti wa mjini Kikuyu uliohusisha watoto 3,117 na kuchapishwa mwaka 1995, Sherwin Isenberg na wenzake walilinganisha dawa tatu: macho yaliambukizwa kwa asilimia 13.1 ya waliotiwa povidoni-iodini ya asilimia 2.5, dhidi ya 15.2 kwa antibiotiki ya erithromaisini na 17.5 kwa nitreti ya fedha. Iodini ni kiuavijidudu kinachoharibu protini na sehemu nyingine nyingi za bakteria kwa pamoja, hivyo ni vigumu kwa badiliko moja la jeni kuizuia. Tena ni ya bei nafuu, na rangi yake ya kahawia humjulisha mkunga kwamba jicho limekwisha kutiwa dawa.

Usugu hautokani na jeni peke yake. Bakteria kama Staphylococcus aureus huweza kushikamana na kujifunika kwa ute, wakaunda biofilmu, yaani tabaka ambalo ndani yake baadhi yao hukua polepole na kuponea antibiotiki zinazowaua wanaozaliana haraka. Mkunga humtia mtoto dawa mara tu anapozaliwa, kabla tabaka kama hilo halijapata nafasi ya kujijenga; jicho lililokwisha kuambukizwa kwa kisonono halitoshelezwi na tone lolote, na mtoto huyo huhitaji dawa ya sindano.