Amla ya India na pera la Kalemie: historia ya tunda chachu wakati wa njaa

Wasikilizaji wetu wa Kalemie, na ninyi ndugu mliokimbia Nyunzu, Kabalo, Manono na Moba ambao hadi leo mnaishi kambini pembeni ya mji, jina amla wengi wenu mmeliona. Limeandikwa kwenye chupa za mafuta ya nywele sokoni. Mafuta hayo ni ya kichwa, si ya kunywa, na siyo habari yetu leo. Habari yetu ni tunda lenyewe, maana tunda hilo liliwahi kupewa watu wenye njaa kama dawa, na likawaponya.

Amla ni tunda dogo la mviringo, rangi yake kijani inayoelekea manjano, na mti wake humea wenyewe katika misitu ya India. Ukiliuma, linakuwa kali na chachu hadi uso unakunjamana. Ukinywa maji baada yake, maji yanakuwa matamu mdomoni. Wahindi hawali sana likiwa bichi. Wanalitia chumvi, pilipili na mafuta liwe achari, au wanalipika katika sukari, au wanalikausha na kulisaga unga. Waganga wao wa jadi wamelitumia tangu kale, na orodha ya magonjwa wanayosema linatibu ni ndefu kupita kiasi. Mimi nitashika ugonjwa mmoja tu, ule ambao ushahidi wake hauna ubishi: kiseyeye.

Kiseyeye ni ugonjwa wa mtu ambaye hajala kitu kibichi, tunda wala mboga, kwa miezi. Huanza polepole. Mtu anachoka, miguu inauma, kisha ufizi unavimba na kutoka damu, meno yanalegea, madoa yanatokea kwenye ngozi, na kidonda cha zamani kilichopona kinaweza kufunguka upya. Asipotibiwa anakufa. Sababu yake ni kukosa vitamini C, ambayo mwili huihitaji ili kushikamanisha nyama, mishipa na mifupa. Mbuzi na ng'ombe hujitengenezea vitamini hiyo ndani ya miili yao. Sisi binadamu hatuwezi, lazima tuile.

Zamani ulikuwa ugonjwa wa mabaharia, na historia yake inapita pwani yetu ya Afrika Mashariki. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa 4 mwaka 1498, watu wake walikuwa wameumwa ugonjwa huo njiani. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea machungwa na ndimu, na daftari ya safari inasema wagonjwa wao walipona pale. Mwandishi wa daftari alidhani ni hali nzuri ya hewa. Mwezi wa 1 mwaka 1499, wakirudi kutoka India, walifika Malindi wakiwa hoi, na safari hiyo wagonjwa wenyewe walikuwa wanatamani machungwa. Yaliletwa kesho yake. Kwa wengi yalikuwa yamechelewa.

Mwaka 1747 daktari wa meli za Uingereza, James Lind, aliwagawa mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, kila wawili akiwapa dawa yao. Waliokula machungwa na malimau ndio waliosimama haraka kuliko wengine. Pamoja na hayo, jeshi la maji la Uingereza lilingoja hadi 1795 kuamuru maji ya limau yatolewe kwa wote. Baadaye likaacha limau, likachukua ndimu za visiwa vya Karibi, likidhani kila kitu kichachu ni sawa. Ndimu ina vitamini C pungufu kuliko limau, na juisi iliyokaa sana kwenye mapipa inazidi kuipoteza. Msafara wao wa kwenda kaskazini mwa dunia, 1875 hadi 1876, ulirudi na watu waliougua kiseyeye. Hapo ndipo ninapotaka tukumbuke: uchachu wa mdomoni si kipimo. Mtu aliyepewa heshima kubwa kwa kuitambua vitamini yenyewe, Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliipata kwa wingi ndani ya pilipili tamu, ambayo haina uchachu wowote. Alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1937.

Sasa turudi kwa amla. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mvua zilikatika katika wilaya ya Hissar, Punjab, kaskazini mwa India. Mifugo ilikufa, watu wakaishi kwa nafaka kavu ya msaada. Kufika 1940 kiseyeye kilikuwa kimewaingia. Machungwa ya kuwagawia maelfu ya watu yangetoka wapi? Madaktari wakatumia unga wa amla iliyokaushwa, na wagonjwa wakapona. Sifa ya amla ni hii: matunda mengi yakikaushwa hupoteza vitamini C karibu yote, lakini amla hubaki na sehemu nzuri. Ndiyo maana wakati wa Vita Kuu ya Pili vidonge vya amla viligawiwa kwa askari wa India. Vipimo vyake vinatofautiana. Vitabu vya zamani vya India viliandika miligramu 600 katika gramu 100 za tunda. Vipimo vingine vya baadaye vimepata pungufu.

Msiniambie hayo ni mambo ya zamani. Katika miaka ya 1980 kiseyeye kiliwapata wakimbizi wa Ethiopia kwenye kambi za Somalia na Sudan. Hawakuwa watu wasiopewa chakula. Walipewa unga, mafuta, maharage, wakanyimwa kitu kimoja tu, chakula kibichi, na kadiri mtu alivyokaa kambini ndivyo hatari ilivyozidi. Mama aliyeko kwenye kambi za hapa kwetu aangalie gunia lake la msaada: unga, maharage, mafuta, chumvi. Vyote vinashibisha. Vitamini C haimo.

Hapa Kalemie amla hakuna, na sioni sababu ya mtu kutoa franka zake kwa unga wake unaotoka mbali. Tuna pera. Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, wakati chungwa lina kama 50, papai kama 60, embe kama 35. Ili kuzuia kiseyeye mtu mzima anahitaji miligramu 10 tu kwa siku, na ili mwili uwe vizuri, 45. Kwa hiyo pera moja dogo linatosha siku nzima na kubakiza. Mapera haya asili yake ni Amerika, na yalifika bara kwa njia ya misafara ya biashara na wamisionari. Mmoja wa Wazungu waliopigana kule Maniema mwaka 1893 alishangaa kuona bustani za Waarabu na Waungwana wa Kasongo zimejaa machungwa na matunda mengine ya ugenini.

Na mboga? Sombe mbichi ina vitamini C nyingi sana, lakini hatuwezi kuila mbichi, ina sumu. Lazima itwangwe na kuchemka muda mrefu, na moto huo huo unaua vitamini karibu yote. Lengalenga na matembele ni afadhali, mradi yatiwe chunguni mwishoni na yasikae motoni. Embe bichi lenye chumvi na pilipili, lile watoto wanalolilia, ni jamaa wa karibu wa achari ya Wahindi, na mzazi asiwagombeze. Tunda likiliwa pamoja na maharage au ndakala linasaidia pia damu kupokea chuma kilichomo. Lakini ndimu kwenye maji ya ziwa haifukuzi kolera. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, na mwenye kuhara akimbizwe kituo cha afya. Vilevile mwenye sukari au presha asiache vidonge vyake kwa sababu ya tunda lolote, liwe la India au la hapa.

Shida ya kweli kambini siyo kujua. Mti una mwenyewe, na mtoto wa mkimbizi akirusha jiwe kwenye mwembe wa watu, ni ugomvi. Bei ya sokoni nayo mnaijua. Kwa hiyo swali ni mti gani unafaa kwa mtu asiyejua atakaa hapa mpaka lini. Mwembe uliopandwa kwa kokwa unaweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kuzaa. Mpera, miwili hadi minne. Mpapai, kama mwaka mmoja tu, na unaenea hata nyuma ya hema. Panda mbegu tatu au nne katika shimo moja, penye majivu na taka za jikoni, mahali maji ya mvua hayasimami. Ikianza kutoa maua, angalia: yenye maua madogo mengi yanayoning'inia kwenye vijiti virefu ni ya kiume. Ng'oa hiyo, ubakize mmoja tu kwa majirani wote, na ile ya kike iachwe izae.