Futiboli ya Marekani: Namba 4-3 na 3-4 zina maana gani, na kwa nini mabeki watano wamezipiku?

Fainali ya futiboli ya Marekani, Super Bowl, huanza mnamo saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Anayekesha kuifuatilia husikia namba zinazofanana na zile za soka: 4-3, 3-4.

Zinafanana kwa sura tu. Katika soka, 4-4-2 huhesabu wachezaji wote wa uwanjani isipokuwa kipa. Huku kwenye futiboli ya Marekani, namba hizo huhesabu walinzi saba wa mbele peke yao. Mabeki wanne wa nyuma hawatajwi.

Mchezo wenyewe kwa ufupi

Kila timu ina watu 11 uwanjani. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, yaani kama mita 9. Inaweza kukimbia nao, au kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, akaurusha kwa mkono kwa mpokeaji aliyekimbilia mbele. Kila mara walinzi wanapaswa kukisia: unakuja mbio, au unarushwa?

Wanne mbele, watatu nyuma yao

Katika 4-3, majitu manne husimama mstari wa mbele. Nyuma yao wapo watatu wanaoitwa lainibeka, ambao kazi yao inakaribiana na ya kiungo mkabaji: kuziba mbio, kukaba wapokeaji wa karibu, na mara mojamoja kumvamia kwotabeki. Tom Landry, aliyesimamia ulinzi wa New York Giants miaka ya 1950, ndiye anayetajwa sana katika kuujenga mfumo huu.

Uzuri wake ni kwamba wale wanne wanaweza kumbana kwotabeki bila kusaidiwa. Kasoro yake ni kwamba wapinzani wanawajua watakaokuja kabla mpira haujaanza.

Watatu mbele, wanne nyuma yao

Mfumo wa 3-4 unatibu kasoro hiyo. Mmoja wa mbele anaondoka, lainibeka wanakuwa wanne, na yeyote kati yao anaweza kuwa mvamizi wa nne. Kwotabeki hajui atatokea upande gani.

Lakini una gharama. Mtu wa katikati lazima azibe nyanya mbili peke yake huku akisukumwa na watu wawili. Vince Wilfork, aliyeifanya kazi hiyo New England Patriots, alikuwa na zaidi ya kilo 140. Mtu wa namna hiyo hasikiki sana redioni, maana kazi yake ni kuwafanya wenzake wasikike.

Mfumo huu pia unahitaji lainibeka wa pembeni mwenye nguvu za kumvunja mtu na mbio za kurudi kukaba. Lawrence Taylor wa Giants alikuwa navyo vyote. Mwaka 1986 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, tuzo ambayo walinzi huipata kwa nadra mno.

Kwa hiyo kuuliza upi ni bora bila kuuliza una watu gani ni kupoteza muda. Kocha asiye na mtu kama Wilfork akipanga 3-4, atapigwa mbio za katikati mchana kutwa.

Beki wa tano

Siku hizi mabishano hayo yamepoa, kwa sababu timu hucheza zaidi ya nusu ya majaribio bila 4-3 wala 3-4 kamili. Wapinzani wakiingiza wapokeaji watatu, lainibeka mmoja hutolewa na beki wa tano huingia. Wamarekani huuita mpango huu nikeli, jina la sarafu yao ya senti tano.

Mabeki watano wanakimbizana vizuri na wapokeaji. Tatizo ni kwamba beki ni mwepesi. Wapinzani wakiamua kukimbia na mpira, atakutana na watu wanaomzidi kwa kilo hamsini.

Funzo la Miami, 1985

Mwaka 1985 Chicago Bears walitisha kwa ulinzi ulioitwa 46. Hapa namba inadanganya: haihesabu safu yoyote, ni namba ya jezi ya Doug Plank, beki aliyewahi kuichezea timu hiyo. Walisogeza watu wanane karibu na mstari na kumvamia kwotabeki kutoka kila upande.

Desemba 2 mwaka huo walikwenda Miami wakiwa hawajafungwa. Kocha wa Miami Dolphins, Don Shula, alitumia wapokeaji watatu, na mmoja wao, Nat Moore, akampanga mahali ambapo mara nyingi alikabwa na lainibeka. Lainibeka hodari wa kuvamia akawa anakimbizana na mtu mwenye mbio kuliko yeye. Miami walishinda 38-24.

Bears hawakufungwa tena msimu ule, na Januari 26, 1986 waliichapa New England 46-10 katika Super Bowl.

Ukisikiliza, subiri mtangazaji ataje mabadiliko ya wachezaji. Wenye mpira wakibadilisha, walinzi lazima wapewe nafasi ya kubadilisha pia. Wasipobadilisha, wanaweza kuanza jaribio lingine haraka, na beki mwepesi aliyeingia kuzuia mirusho akajikuta amebaki uwanjani kuzuia mbio.