Jinsi ya kutambua matatu kongwe na za ajabu mitaani Eastlands

MTU akisimama kando ya barabara ya Jogoo jijini Nairobi saa kumi na moja jioni, karibu na uwanja wa City Stadium, atapitwa na matatu nyingi hata kabla ya kumaliza kikombe kimoja cha chai. Kwa mgeni, zote ni kelele na moshi. Kwa mkazi aliyelelewa Jericho, Maringo, Umoja au Buruburu, kila moja ina nasaba yake. Atakwambia fremu yake imetoka kiwanda gani, ilisajiliwa lini, imepakwa rangi mara ngapi na ilihudumu njia gani kabla ya kuletwa hapa. Wapo vijana wanaolitambua gari kwa mlio wa honi kabla halijakata kona.

Ujuzi huo ni wa mdomo, na magari yenyewe hayadumu. Garimoshi la zamani lina pa kustaafia, kwani Makavazi ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yamehifadhi vichwa vya treni na hata behewa ambamo ofisa wa polisi Charles Ryall alinyakuliwa na simba huko Kima mwaka 1900. Matatu iliyochakaa hukatwakatwa na kuuzwa kama vyuma vikuukuu. Anayetaka kuiona matatu ya kale hana budi kuitafuta barabarani ingali inabeba abiria, na ni sharti ajue anachokitafuta.

Pa kuanzia ni nambari ya usajili. Gari lenye herufi tatu na tarakimu tatu pekee, bila herufi ya mwisho, lilisajiliwa kabla ya mfululizo wa KAA kuanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mfululizo wa KBA ulianza mwaka 2007, KCA mwaka 2014 na KDA mwaka 2020. Hata hivyo nambari hiyo yaweza kumpotosha asiyekuwa makini. Matatu nyingi za abiria 14 huagizwa kutoka ng'ambo zikiwa zimetumika, na sheria ya Kenya huruhusu gari lenye umri usiozidi miaka minane, hivyo gari lenye nambari ya mwaka huu laweza kuwa liliundwa zamani kidogo. Minibasi na mabasi makubwa ni kinyume cha hayo. Fremu yake huja mpya, bodi hujengwa hapa nchini, na nambari huwa karibu sawa na umri wake. Isipokuwa, bila shaka, mwenyewe awe ameing'oa bodi ya kwanza na kujengewa nyingine. Hapo ndipo mtazamaji stadi hupambanuka, maana huona nambari ya kale juu ya umbo jipya na akaelewa kilichotendeka.

Nambari ya njia nayo ni masalia. Abiria anayepanda 58 kwenda Buruburu, 9 kwenda Eastleigh au 33 kwenda Embakasi anatumia mpangilio ulioachwa na mabasi ya Kenya Bus Service, KBS. Kampuni hiyo ilianza kuhudumu Nairobi mwaka 1934, na mwaka 1966 Baraza la Jiji lilitwaa asilimia 25 ya hisa na kuipa haki ya kuwa msafirishaji pekee. Mwaka 1991 kampuni ya Stagecoach ya Uingereza ilinunua hisa nyingi za KBS, na katika muongo huo jiji likashuhudia mabasi ya ghorofa aina ya Dennis Dragon. Stagecoach ilipouza hisa zake mwaka 1998, baadhi ya mabasi hayo hayo yalipakiwa melini na kupelekwa Uingereza, yakaishia kubeba abiria mjini Manchester. Ni nadra gari kusafiri kwa mwelekeo huo. Afrika Mashariki imezoea kupokea magari yaliyochoka kwingineko.

Aliyeishi Nairobi miaka ya 1980 atakumbuka pia mabasi ya Nyayo, yaliyoanzishwa mwaka 1986 na kuendeshwa na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Shirika hilo lilisambaratika katika muongo uliofuata.

Matatu ilizaliwa pembeni mwa mabasi hayo. Jina lenyewe linatokana na nauli ya senti thelathini, yaani sarafu tatu za senti kumi. Magari ya mwanzo yalihudumu kwa kujificha, kwa sababu haki ya kubeba abiria ilikuwa ya KBS, hadi mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alipoyaruhusu kufanya kazi bila leseni ya uchukuzi. Mwaka 1984 Bunge lilipitisha sheria ya kuyatambua rasmi na kuyataka yakaguliwe.

Umbo la kizazi hicho cha kwanza ndilo gumu zaidi kuonekana leo. Lilikuwa gari la kubebea mizigo, mathalani Peugeot 404 na baadaye 504, lililojengewa kibanda cha bati au mbao nyuma. Abiria waliketi kwenye mabenchi mawili marefu yaliyotazamana, magoti yakigongana, na mlango ulikuwa nyuma ambako utingo alining'inia. Watanzania walikuwa na ndugu yake jijini Dar es Salaam, wakaliita chai maharage. Mwili wa gari la namna hiyo hujulisha asili yake hata likiwa limegeuzwa la kubeba kuku au mboga: madirisha ya pembeni yaliyozibwa kwa bati, kipandio cha chuma nyuma, na alama za skrubu sakafuni palipofungwa mabenchi. Anayezunguka Gikomba na Kamukunji asubuhi asipuuze pikapu kuukuu.

Baada ya hapo likaja gari dogo ambalo Wakenya huliita Nissan hata liwe Toyota. Jina la waliotangulia sokoni lilishika, na ukweli kwamba nyingi ya zinazoonekana leo ni Toyota HiAce haujambabaisha mtu yeyote. Kabla ya mwaka 2004, gari hilo lilibeba abiria 18 kihalali, na zaidi ya hapo kiharamu.

Siku ambayo kila mtazamaji anapaswa kuijua ni Februari 1, 2004. Kanuni zilizotolewa Oktoba 2003 na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa siku hiyo. Abiria wa Nissan walipunguzwa hadi 14, kila kiti kikawekwa mkanda wa usalama, kidhibiti mwendo kikazuia gari kupita kilomita 80 kwa saa, wahudumu wakavaa sare, na kila gari likachorwa mstari wa manjano wenye upana wa milimita 150 ukilizunguka. Michoro iliyokuwa fahari ya Eastlands ilifunikwa kwa rangi moja. Kiusalama, ni vigumu kubishana na kanuni hizo, kwani barabara zilikuwa zikiua. Lakini kwa muda mfupi mno kazi ya mikono ya kizazi kizima cha wachoraji ilitoweka, na aliyeipenda alibaki na picha chache tu, iwapo alikuwa na kamera.

Kilichofunikwa kilikuwa nini? Katika miaka ya 1990 minibasi zilizojengwa juu ya fremu za lori dogo la Isuzu zilikuwa zimeanza kutawala njia ya Buruburu. Ziliitwa manyanga. Katika Kiswahili sanifu manyanga ni vibuyu vyenye mbegu ndani vinavyotikiswa ngomani, na ingawa vijana wa Sheng hawakulichukua jina hilo katika kamusi, lilizifaa matatu hizo zilizotetemesha vioo vya madirisha kwa muziki. Ubavuni zilichorwa wanamuziki wa Marekani, wanasoka wa Uingereza na wakati mwingine viongozi wa dini, wote katika gari moja bila kugombana.

Mrithi wake ni nganya. Hii ni matatu ambayo mmiliki ametumia mamilioni ya shilingi kuipamba kwa michoro ya kupuliza, taa za rangi, skrini, spika na bodi yenye pembe zisizohitajika kwa kazi yoyote ile. Mlango wake ulifunguka tena Novemba 2014, Rais Uhuru Kenyatta alipowataka polisi wakome kuwasumbua vijana kwa sababu ya michoro ya matatu. Miaka minne baadaye, Novemba 2018, serikali ilirejelea kanuni za Michuki kwa msako, na kwa mara nyingine magari yakapelekwa karakana kupakwa rangi na kuchorwa mstari wa manjano. Yeyote anayetazama kwa makini ataona historia hiyo kwenye ngozi ya gari. Achunguze kingo za mpira wa dirisha, vichwa vya ribiti na sehemu ya ndani ya mlango, mahali ambapo mpakaji rangi huharakisha kazi. Mara nyingi rangi ya zamani huchungulia hapo, na pengine sikio au kidole cha mtu mashuhuri aliyezikwa chini ya rangi nyeupe.

Jambo la pili la kuchunguza ni mjenzi wa bodi. Isuzu East Africa, iliyojulikana kama General Motors East Africa hadi mwaka 2017, huunganisha magari yake Nairobi, na fremu za NQR hutumika sana kwa minibasi ya abiria 33. Fremu ni ile ile, lakini wajenzi ni wengi, na kila mmoja ana mwandiko wake: namna anavyokunja bati juu ya kioo cha mbele, mteremko wa dirisha la dereva, mpangilio wa taa za nyuma. Jina lake huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya gari au karibu na mlango. Kazi hiyo husimamiwa na kiwango KS 372 cha Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, kinachohusu uimara wa bodi na viti. Bodi za zamani, zilizojengwa kwa kukisia na kupimwa kwa kamba, hutambulika kwa urahisi, kwani pande zake mbili hazifanani.

Nganya huwa na umri mfupi wa utukufu. Ikitoka karakana huhudumu katika njia yenye ushindani mkubwa, 58 ya Buruburu au zile za Umoja na Kayole, ambako vijana hukubali kuiacha matatu tupu ipite wakisubiri hiyo. Baada ya miaka michache, ikishapitwa na mpya, hupunguziwa mapambo na kuuzwa ihudumie njia tulivu au mji mwingine. Kwa hivyo gari lisilo la kawaida halipatikani lazima pale panapong'aa. Matatu chakavu inayosubiri abiria wa mwisho huko Dandora yaweza kuwa ndiyo iliyokuwa malkia wa barabara ya Jogoo miaka kumi iliyopita. Ishara hubaki: matundu ya spika yaliyozibwa darini, nyaya zilizokatwa, rimu pana zisizolingana na unyonge wa gari lenyewe.

Tangu mwaka 2022 jiji lina aina nyingine ya kutafuta. Kampuni ya BasiGo ilileta mabasi ya umeme, na mtazamaji aliyezoea kutumia masikio hupitwa nayo bila habari. Aangalie nyuma, hakuna bomba la moshi.

Majira bora ya kutazama ni kiangazi cha Januari na Februari, kabla ya mvua za masika. Matope yakianza, magari hufanana yote. Jumapili asubuhi ni afadhali kuliko siku ya kazi, maana wahudumu huosha magari na kuyaegesha, na mtu aweza kulizunguka gari pande zote nne. Siku za kazi, kituo cha Muthurwa, kilichofunguliwa mwaka 2008 kwa ajili ya matatu za Eastlands, hukusanya aina nyingi mahali pamoja. Mutindwa, mpakani mwa Buruburu na Umoja, msongamano wa soko hulazimisha kila gari kwenda polepole kiasi cha kusoma kila kilichoandikwa. Daraja la waenda kwa miguu juu ya Outer Ring hufaa kwa anayetaka kuona paa na keria, sehemu ambazo wengi husahau.

Anayetaka kupiga picha na aombe ruhusa ya dereva au utingo kwanza. Wengi hukubali kwa furaha, kwa kuwa sifa ya gari ni sehemu ya riziki yao, lakini mtu anayepiga picha kimyakimya hudhaniwa ni mpelelezi wa polisi au wa mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Simu isishikwe karibu na dirisha lililo wazi. Na picha ikishapatikana, inafaa iandikwe papo hapo nambari ya usajili, njia, jina la mjenzi na tarehe, kwa sababu gari hilo hilo likionekana tena baada ya miezi sita huenda likawa na jina na rangi nyingine.