Ulumbi, Mdahalo na Shule: Misingi ya Kihistoria ya Chama cha Ulumbi Huko Ndalu

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja: mwalimu atakayeanzisha chama cha ulumbi kwa wanafunzi wa Ndalu atakijenga juu ya msingi gani? Aghalabu swali hili hujibiwa kwa haraka. Hudhaniwa kwamba sanaa ya kusema hadharani ililetwa na shule, na kwamba kazi ya mwalimu ni kuwagawa wanafunzi pande mbili, kuteua mwenyekiti na mshika saa, kisha kuwaachia uwanja. Historia ya mahali penyewe yatuonyesha vingine.

Ndalu iko kati ya Kitale na Bungoma, katika nchi ambayo zamani za ukoloni ilikuwa ya mashamba ya walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 mashamba hayo yaligawanywa kwa Waafrika chini ya mipango ya makazi. Wengi waliohamia huko ni Wabukusu, lakini walikuwapo pia Watachoni na watu wa makabila mengine. Jamii iliyokusanyika hivyo haina budi kuwa na lugha ya kusikilizana sokoni na barazani, na hapo Kiswahili kina nafasi yake.

Wabukusu hawakuja mikono mitupu. Wana desturi iitwayo khuswala kumuse, ambayo hufanywa baada ya mazishi ya mzee aliyeheshimika. Mlumbi huingia uwanjani, fimbo mkononi, akatembea mbele ya umati ulioketi. Husimulia asili ya watu na koo zao, hukumbusha maagano ya kale, huonya, hufariji na kuwapatanisha waliofarakana. Kazi hii si ya kila mtu. Hushikwa na wanaume wa koo maalumu, nayo hutaka kumbukumbu ndefu na maisha yasiyo na doa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mlumbi huyu hashindani na mtu. Hakuna upande wa pili wa kuangushwa. Neno lake hupimwa kwa jinsi lilivyowaacha watu baada ya msiba.

Mdahalo wa shule una asili nyingine. Mfano wake ni Bunge la Uingereza na vyama vya wanafunzi vya vyuo vikuu vya huko, kama kile cha Cambridge kilichoanzishwa mwaka 1815 na cha Oxford mwaka 1823. Hoja hutolewa, hupingwa, kura hupigwa, na mshindi hutangazwa. Mtindo huo uliingia Kenya pamoja na shule za misheni na za serikali, na ulikuja na lugha yake. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind (1986), ameeleza jinsi wanafunzi walivyoadhibiwa na kuaibishwa kwa kusema lugha yao ya nyumbani shuleni. Hivyo mtoto aliyesikia ulumbi uwanjani kwao alifika darasani akafunzwa kunyamaza kwanza.

Matokeo yake yalionekana mbali na shule. Tarehe 4 Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba Kiswahili kitumike Bungeni. Wabunge waliozoea kujadiliana kwa Kiingereza walitakiwa kugeuka mara moja, hali miswada yenyewe iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1979 Kiingereza kiliruhusiwa tena katika mijadala. Twajifunza hapa kwamba amri yaweza kubadilisha lugha ya ukumbi kwa siku moja, lakini haiwezi kuwapa watu mazoea ya kulumba ambayo hawakuyapata utotoni.

Tume ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, na mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 ukalitimiza hilo. Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo, mtihani ulibaki wa kalamu na karatasi. Hotuba ikawa aina ya insha, nayo yaweza kuandikwa vizuri sana na mwanafunzi ambaye hajapata kusimama mbele ya watu ishirini. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 umehesabu kusikiliza na kuzungumza miongoni mwa stadi za lugha. Lakini kipindi cha darasani ni kifupi na wanafunzi ni wengi. Chama chaweza kuziba pengo hilo.

Basi kijengwe vipi? Kumuse yenyewe isigeuzwe mashindano ya shule. Ni mali ya wenyewe, na ina miiko yake. Wazee waalikwe kuieleza, si kuiigiza. Kutoka katika mdahalo tuchukue utaratibu, ushahidi wa hoja na haki ya kila mtu kusema, wasichana kwa wavulana. Kutoka katika kumuse tuchukue kumbukumbu na wajibu wa kupatanisha. Kwa mfano, asemaye asiruhusiwe kujibu hoja mpaka aieleze upya hoja ya mpinzani wake, naye mpinzani akiri kwamba imeelezwa sawasawa. Na baada ya kura, mwanafunzi mmoja asimame kutaja yale ambayo pande zote mbili zimekubaliana.

Jambo hili si la mapambo. Mapigano ya kikabila ya 1991 hadi 1993 yalizigusa Trans Nzoia na Bungoma, na uchochezi wa majukwaani ulikuwa na sehemu yake katika uhasama wa miaka hiyo. Kijana anayefunzwa kushinda tu amepewa nusu ya sanaa, nayo ndiyo nusu ya hatari. Ikiwa Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, yafaa wanafunzi wa Ndalu wakitumie kwa kazi ambayo wazee wao waliifanya kwa Kibukusu: kusema hadharani maneno ambayo jirani, akiisha kuyasikia, aweza bado kuketi pamoja nao.