SHUKRANI YA URWA BIN ZUBEIR: HESABU KILICHOBAKI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote.



Leo naanza kwa kukiri kosa langu. Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa msikiti wetu alikatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Nilikwenda kumjulia hali. Baada ya salamu na dua nikamsimulia kisa cha Urwa bin Zubeir kama tulivyozoea kukisimulia kwenye mimbari: alikatwa mguu, akafiwa na mtoto, akasema Alhamdulillah. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole: "Sheikh, huyo ni Urwa. Mimi hata usingizi sipati. Nishukuru nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu na kukisoma kisa kile tangu mwanzo. Hapo nikaona kwamba nilimpa mgonjwa mwisho wa kisa bila mwanzo wake. Kwa hiyo leo nakuletea kisa chenyewe kwa urefu, ili ukienda kumtazama mgonjwa usije ukafanya nililolifanya mimi.

URWA NI NANI?

Urwa alizaliwa Madina karibu na mwaka wa 23 Hijria, sawa na 644 Miladia. Baba yake ni Zubeir bin Awwam, mmoja wa maswahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Mama yake ni Asma binti Abubakar. Bibi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, ni mama yake mdogo, na kwake ndiko alikosomea. Mengi tunayoyajua leo kuhusu maisha ya Mtume (s.a.w.) ndani ya nyumba yake yametufikia kwa njia hii: Aisha akamwambia Urwa, Urwa akamwambia mwanawe Hisham au mwanafunzi wake Zuhri, nao wakawafikishia wengine. Urwa ni miongoni mwa wale wanazuoni saba wa Madina, pamoja na kina Said bin Musayyib na Qasim bin Muhammad.

Vitabu vinasimulia kwamba siku moja vijana walikaa karibu na Al-Kaaba, wakaambiana kila mmoja ataje anachokitamani. Abdullah, kaka yake Urwa, akatamani ukhalifa. Mus'ab, ndugu yao mwingine, akatamani utawala wa Iraq na kuoa wanawake wawili watukufu wa Kiquraishi. Urwa akatamani elimu, watu waje waichukue kwake. Abdullah bin Umar naye akatamani maghufira.

Tazama yaliyofuata. Mus'ab aliipata Iraq, na akauawa huko mwaka wa 72 Hijria. Abdullah alishika ukhalifa karibu miaka tisa, kisha jeshi la Hajjaj likamzingira Makka na kumuua mwaka wa 73, sawa na 692. Mama yao Asma, akiwa amekaribia miaka mia, alishuhudia maiti ya mwanawe ikitundikwa, naye akafariki muda mfupi baadaye.

Ndugu yangu, huyu ndiye Urwa. Kabla hajaguswa na msumeno wowote, alikuwa ameshazika ndugu na mama. Tena ule utawala uliowaua ndugu zake ndio uleule uliobaki madarakani.

SIKU ZA NEEMA

Sasa sikiliza sehemu ambayo sikumwambia mzee wangu.

Urwa alikuwa na mali. Alikuwa na nyumba na kisima katika bonde la Aqiq, nje kidogo ya Madina, na kisima hicho kinajulikana kwa jina lake mpaka leo. Alikuwa pia na shamba la mitende. Kila tende zilipoiva, alikuwa akibomoa sehemu ya ukuta wa shamba lake ili watu waingie, wale na kubeba. Watu wa mashambani walikuja, wakala, wakaondoka na mizigo yao. Yeye mwenyewe kila alipoingia shambani alikuwa akirudiarudia yale maneno ya Suratul Kahf yanayomkumbusha mwenye bustani kusema kwamba haya ni kwa kutaka kwake Allah, na nguvu zote ni zake.

Kila siku alisoma robo ya Qur'an kwa kutazama msahafu, kisha usiku akasimama kuiswali. Amefanya hivyo mwaka baada ya mwaka.

Wanazuoni wametufundisha kuwa shukrani ina mahali patatu: moyo unaoitambua neema, ulimi unaoitaja, na viungo vinavyoitumia kumtii aliyeitoa. Mtume wetu (s.a.w.) alisimama usiku mpaka miguu ikavimba, na alipoulizwa akajibu kwa maana kwamba: je, haifai awe mja mwenye kushukuru? Urwa aliifanya shukrani kwa ukuta uliobomolewa na kwa kisomo cha kila siku. Hakungoja msiba ndipo ajifunze.

SAFARI YA SHAMU

Walid bin Abdulmalik alishika ukhalifa kuanzia mwaka wa 86 hadi 96 Hijria. Katika utawala wake Urwa alisafiri kutoka Madina kwenda kwake Damascus, naye ameshapita miaka sitini. Njiani mguu ukaanza kumuuma. Alipofika ilikuwa imeshakuwa donda ndugu, linapanda juu. Waganga wakasema mguu usipokatwa, ugonjwa utaenea mwili mzima.

Walimtaka anywe kitu cha kumlevya asihisi maumivu. Akakataa, hakutaka kutafuta afya kwa alichokiharamisha Allah. Wengi tunasimulia kwamba alikatwa akiwa ndani ya swala. Riwaya hazikukubaliana katika hilo, na nyingine zinasema alikaa akimtaja Allah kwa tahlili na takbira huku wanakata. Wakakata kwa msumeno, kisha wakachoma jeraha kwa mafuta ya moto ili damu ikome. Hapo akazimia.

Nisisitize neno hilo: AKAZIMIA. Urwa hakuwa jiwe. Iliripotiwa kwamba usiku ule kile kisomo chake cha kila siku kilimpita. Aliumia kama unavyoumia wewe.

Alipozinduka akaomba aletewe ule mguu, akaugeuzageuza mkononi na kusema kwa maana kwamba: Yule aliyenibeba juu yako anajua kwamba sikuwahi kukutembeza kwenda kwenye haramu.

Katika safari hiyohiyo mwanawe Muhammad aliingia kwenye banda la wanyama wa Khalifa, akapigwa teke na mnyama, akafa. Mguu na mtoto, katika safari moja, mbali na nyumbani.

Urwa akasema nini? Kwanza alitaja yale maneno ya Nabii Musa katika Suratul Kahf, ya kwamba safari hii imemchosha. Kisha akamwelekea Mola wake, na maana ya maneno yake ni hii: Ewe Mola, nilikuwa na watoto saba, umechukua mmoja, umeniachia sita. Nilikuwa na viungo vinne, umechukua kimoja, umeniachia vitatu. Ukichukua, basi umebakisha. Ukitia mtihani, basi umeshatoa afya siku nyingi.

Umeona mpangilio wake? Kwanza alikiri uchovu, kisha akahesabu kilichobaki.

MGENI ALIYEPOFUKA

Wakati bado yuko kwa Walid, likaja kundi la watu wa kabila la Abs, na ndani yake mtu kipofu. Walid akamuuliza habari ya macho yake. Akasema: hakukuwa na mtu katika kabila langu mwenye mali kuliko mimi. Usiku mmoja tulilala bondeni, mafuriko yakaja, yakachukua mali na familia yote. Akabaki mtoto mchanga na ngamia mmoja. Ngamia akakimbia. Nikamweka mtoto chini nimfuate ngamia, mara nikasikia kilio, nikarudi, nikakuta mbwa mwitu amemla. Nikamfuata ngamia, nikamshika, akanipiga teke usoni, macho yakaondoka.

Walid akaamuru mtu yule apelekwe kwa Urwa, ili Urwa ajue kuwa duniani yupo aliyepata mtihani mkubwa kuliko wake.

Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha tumtazame aliye chini yetu katika mambo ya dunia, tusije tukaidharau neema ya Allah tuliyo nayo.

Urwa aliporudi Madina watu walikuja kumpa pole. Mmoja wa watu wa nyumba ya Talha akamfariji kwa maneno ya busara sana: kwamba wao hawakuwa wanamhitaji kwa mieleka wala mbio, na Allah amewabakishia kilicho kikubwa zaidi kwake, yaani akili yake na elimu yake. Ni kweli, aliendelea kufundisha mpaka alipofariki karibu na mwaka wa 94 Hijria. Ile dua yake ya ujanani, watu waichukue elimu kwake, ilijibiwa akiwa na mguu mmoja kama ilivyojibiwa akiwa na miwili.

MAFUNZO

1. Shukrani hujengwa siku za raha. Ulimi ambao haukuzoea Alhamdulillah mshahara unapoingia, biashara inapotoka na watoto wakiwa wazima, utapata wapi neno hilo siku ya msiba? Ukijenga paa wakati mvua imeshaanza, utalowa kwanza.

2. Kushukuru si kuficha maumivu. Mtume (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na akakataza kusema yasiyomridhisha Allah. Machozi si kufuru. Kusema umechoka si kufuru.

3. Subira ni wajibu, shukrani kwenye msiba ni daraja ya juu zaidi. Wanazuoni wengi wamelipambanua hili. Mgonjwa anayejizuia asimlalamikie Mola wake ameshatekeleza lililomlazimu, hata kama bado hajaweza kushukuru. Usimpandishe mtu ngazi kwa kumsukuma. Mimi nilimsukuma yule mzee.

4. Majuto nayo yana nafasi. Siku ya vita vya Harra, mwaka wa 63 Hijria, Urwa alichoma vitabu vyake vya fiqhi. Baadaye alijuta, akasema kwa maana kwamba angependa zaidi kuwa navyo kuliko kuwa na watu na mali kama alivyokuwa navyo. Hakujifanya kwamba halikumuuma. Lakini alibaki na kichwa chake, akaendelea kusomesha kwa kilichobaki.

5. Neema ina watu wake. Ukuta uliobomolewa msimu wa tende ulikuwa ni shukrani kuliko maneno elfu. Jiulize, ukuta wako ni upi? Duka, gari, elimu, au muda wako?

NILIVYORUDI KWA MZEE

Baada ya wiki mbili nilirudi. Safari hii sikusimulia kitu. Nilimwomba msamaha, nikakaa. Alinieleza kuhusu maumivu ya usiku, na jinsi anavyouhisi mguu ambao haupo. Baadaye nikamuuliza, "Mzee wangu, kimebaki nini?" Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kuna mjukuu huyu hunisogezea maji ya udhu kabla sijamwita." Kisha akaongeza, "Na macho. Sukari haijayagusa." Akasema Alhamdulillah kwa sauti ndogo. Mimi sikuongeza neno.

Ndugu yangu, dada yangu, nakupa kazi ndogo. Kila usiku baada ya Isha, kabla hujainuka kwenye mswala, taja mambo matatu yaliyobaki kwako leo. Uyataje kwa majina yake: pumzi, mtoto fulani, chakula fulani, deni lililopungua. Usiku wa raha taja, usiku wa shida taja. Ukipata neema mpya, sujudu sijda ya shukrani kama alivyofanya Mtume wetu. Ukipatwa na unalolichukia, sema Alhamdulillahi 'alaa kulli haal. Fanya kidogo lakini kila siku, kwani amali aipendayo zaidi Allah ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo.

Ewe Mola wetu, tusaidie tukukumbuke, tukushukuru na tukuabudu vizuri. Wape shifaa wagonjwa wetu, na waliokatwa viungo wape badala iliyo bora. Mrehemu Urwa na wote waliotufikishia dini hii. Utusamehe sisi tunaowazungumza waliojeruhiwa bila kuwasikiliza. Aamin.

Ukiona faida, mfikishie mwenzio kwa nia ya kheri. Wallahu a'lam.