Kutoka zidaka hadi kabati la vioo: Historia ya mapambo ya ndani katika nyumba za pwani

Mapambo ya ndani katika nyumba za mawe za pwani ya Afrika Mashariki yana historia ya zaidi ya miaka 700, na sehemu kubwa ya historia hiyo bado inasomeka kwenye kuta zenyewe. Sahani za China, mazulia ya Uajemi, makasha ya India, vioo vya Ulaya na jipsamu ya siku hizi vyote viliingia kwa zamu, na kila kimoja kilipoingia kilihesabiwa kuwa ndio mtindo mpya. Hata hivyo, jambo moja limedumu kupitia mabadiliko yote: kila nyumba imekuwa na ukuta mmoja wa kuonyeshea vitu vya thamani, na upya wa nyumba umekuwa ukipimwa kwa kilichowekwa kwenye ukuta huo.

Kilwa na Gede

Mfano wa kale unaojulikana sana ni Husuni Kubwa, jumba lililojengwa Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 14, katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Jumba hilo lilikuwa na nyua kadhaa, birika lenye pembe nane, na safu za vishimo vidogo ukutani vya kuwekea taa. Usiku taa hizo zilipowashwa, ukuta mzima ulikuwa pambo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati biashara ya dhahabu ya Sofala ilipokuwa imeutajirisha mji huo.

Huko Gede, karibu na Malindi, James Kirkman alianza uchimbaji mwaka 1948 na kuzipa nyumba majina kufuatana na vitu vilivyofukuliwa ndani yake. Ipo Nyumba ya Bakuli la Kaure, Nyumba ya Kisanduku cha Pembe, Nyumba ya Mkasi na Nyumba ya Ushanga wa Venisi. Majina hayo yanatosha kuonyesha vitu vya wenyeji wa Gede vilitoka wapi. Kaure za kijani za China, na baadaye zile nyeupe zenye michoro ya buluu, zilipatikana kwa wingi. Vyumba vya humo vilikuwa na vidaka ukutani, na mahali pengine yamebaki matundu ya vigingi vya mbao vilivyotundikiwa mazulia na vitambaa.

Vitambaa vyenyewe havikuweza kudumu ardhini, lakini habari zake zimeandikwa. Wareno walipoiteka Mombasa mwaka 1505, miongoni mwa ngawira walizozikuta ni nguo za hariri, nguo zilizotariziwa kwa dhahabu, na mazulia. Zulia moja lilikuwa zuri kiasi cha kupelekewa mfalme wa Ureno. Miaka michache baadaye, Duarte Barbosa aliziandika nyumba za Kilwa kuwa za mawe na chokaa, zenye madirisha mengi na milango ya mbao iliyochongwa kwa ustadi.

Boriti na chokaa

Sura ya chumba cha pwani iliamuliwa na mti wa mkoko. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyo imara haivuki kwa urahisi nafasi inayozidi takriban mita tatu. Kwa sababu hiyo vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, vikipangwa kimoja nyuma ya kingine. Wakata mikoko wa Lamu waliipa miti majina kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa, kila mmoja na kazi yake. Boriti hizohizo zilipakiwa kwenye majahazi hadi Ghuba, ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Kuwait, Bahrain na Oman vina upana unaofanana na wa vyumba vya Lamu. Katika nyumba za matajiri, boriti zilichongwa pande nne na kupakwa rangi, hivyo dari nayo ikaingia katika hesabu ya mapambo.

Kuta zilimalizwa kwa chokaa. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo lililojengwa kwa duara, kisha moto ukawashwa na kuachwa hadi mawe yaive. Yalipopoa yalizimwa kwa maji na kugeuka unga mweupe, nao ukaachwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Chokaa iliyokaa hivyo hulainika, na fundi anaweza kuichora na kuikata kabla haijakauka kabisa. Weupe wake uliipa mwanga nyumba yenye madirisha machache ya nje, na kwa kuwa inapitisha hewa, iliruhusu unyevu wa pwani kutoka ukutani.

Zidaka za Lamu

Ufundi wa chokaa ulifikia kilele Lamu na Pate katika karne ya 18. Nyumba ya mawe ya Lamu hufuata mpango unaojulikana. Mgeni hupokewa kwanza kwenye daka, yaani kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango. Akiingia hupita kwenye tekani na kutokea kiwandani, uwanja mdogo ulio wazi juu. Kutoka hapo vyumba hufuatana: msana wa tini, msana wa yuu, na mwisho kabisa ndani. Kila hatua inayopigwa humtoa mtu hadharani na kumwingiza kwenye faragha ya familia, na sakafu huinuka kidogo kutoka chumba hadi chumba.

Mapambo nayo huongezeka kwa mpangilio huohuo. Chumba cha ndani, ambacho mgeni wa kawaida hafiki, ndicho chenye ukuta wa zidaka: safu juu ya safu za vishubaka vya chokaa vyenye matao madogo, vikizungukwa na michoro ya majani na maumbo ya hesabu. Mtu akisimama kwenye msana akatazama kupitia uwazi wa katikati, safu hizo huonekana kama chumba kinaendelea mbali zaidi. Kwa namna hiyo fundi alikipa kina chumba ambacho boriti zilikinyima upana.

Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na bakuli za kaure, chupa za marashi, vitabu na misahafu. Mtafiti Linda Donley, aliyechunguza nyumba za Lamu, alieleza kwamba sahani hizo zilichukuliwa pia kuwa kinga dhidi ya jicho baya. Ndani ndipo mwanamke alipojifungulia, ndipo bibi harusi alipoonyeshwa kwa wageni, na ndipo maiti alipooshewa. Kwa hiyo ukuta wenye mapambo mengi kuliko zote ulisimama mahali pa hatari kubwa na heshima kubwa katika maisha ya familia.

Samani hazikuwa nyingi. Kulikuwa na mikeka na mazulia sakafuni, vitanda virefu vilivyosukwa kwa kamba, na makasha ya nguo. Mgeni wa heshima alikalishwa kwenye kiti cha enzi, kiti kipana cha mpingo kilichotiwa nakshi ya pembe au mfupa, chenye mgongo wa kamba zilizosukwa na mahali pa kuwekea miguu.

Pate ilianguka kabla ya Lamu. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, unaomboleza majumba yake yaliyoachwa, na miongoni mwa dalili za anguko hilo unazitaja zidaka za sahani zilizogeuka makazi ya ndege. Kwa msikilizaji wa wakati ule, zidaka tupu zilitosha kumwambia kwamba nyumba imekwisha.

Vioo na saa za Unguja

Kitovu cha mitindo kilihamia Unguja baada ya Seyyid Said, Sultani wa Oman, kuifanya makao yake na karafuu kuanza kuleta fedha. Mkataba wa biashara na Marekani wa mwaka 1833 uliongeza meli kutoka bandari ya Salem, na nyingine zilifuata kutoka Uingereza, Ufaransa na Ujerumani. Kutoka Surat na Bombay yalikuja makasha yaliyopigiliwa misumari ya shaba, pamoja na milango na samani zilizochongwa.

Maelezo bora ya vyumba vya zama hizo ameyaacha Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said aliyezaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, ambaye baadaye alijulikana Ujerumani kama Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaeleza kuta nyeupe zenye vishubaka vilivyogawanywa kwa rafu za mbao, vikijaa vyombo vya kioo na kaure. Anataja vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya na saa zilizokusanywa kama mapambo, na vitanda vya India vya mbao iliyochongwa, virefu kiasi kwamba mtu hakuweza kuvifikia bila kupanda. Picha za watu hazikutundikwa, kwa hiyo kioo na saa vilichukua nafasi ambayo Ulaya ilikuwa ya picha.

Mwaka 1883 Sultani Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib, lenye nguzo za chuma na sakafu ya marumaru iliyotoka Ulaya. Hilo ndilo jengo la kwanza Zanzibar kuwekewa umeme. Wafanyabiashara nao waliiga kwa kadiri ya mifuko yao. Sahani za China zilipopungua sokoni, nafasi yake ilichukuliwa na bakuli zenye maua zilizotengenezwa Maastricht, Uholanzi, ambazo viwanda vyake viliuza kwa wingi Afrika Mashariki. Zilikuwa za bei nafuu, na nyumba nyingi zaidi zikaweza kuwa na ukuta wa vyombo.

Nyumba ya udongo na makuti

Watu wengi hawakuishi kwenye nyumba za mawe. Katika Ng'ambo ya Unguja, Kisauni, Bagamoyo na Dar es Salaam, nyumba ya kawaida ilijengwa kwa miti na udongo na kuezekwa kwa makuti. Ukumbi ulipita katikati, vyumba vikawa kila upande, na uani nyuma. Ndani, kazi ya kupamba ilikuwa mikononi mwa wanawake. Mikeka ya ukili iliyotiwa rangi na kushonwa kwa michoro ilitandikwa sakafuni na juu ya kitanda. Kanga, ambazo zilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 19, zilitumika kama mapazia, shuka na vifuniko, na majina yake, yaani misemo iliyochapwa juu yake, yaliwafanya wageni wapate cha kusoma. Vitambaa vyeupe vilivyotariziwa au kufumwa kwa uzi vilifunika meza, mito, na baadaye redio na migongo ya makochi.

Katika nyumba za kupangisha za mijini, ambako familia nzima ilikaa kwenye chumba kimoja, pazia ndilo lililogawanya chumba: upande wa mlango ukawa sebule, na upande wa nyuma ukawa wa kulala. Mpango wa nyumba ya Lamu, wa kutoka hadharani kwenda faraghani, ulihifadhiwa kwa kipande cha kitambaa.

Kabati la vioo

Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 yalibadilisha wakazi wa Mji Mkongwe wa Unguja. Nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawiwa familia kadhaa, na makasha, saa na kaure nyingi ziliuzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale. Wakati huohuo serikali ya Rais Karume, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, ilianza kujenga majumba ya ghorofa Kikwajuni na kisha Michenzani. Kuta za saruji za fleti hizo hazikuwa na zidaka.

Kilichojaza pengo hilo ni kabati la vyombo lenye milango ya vioo. Bara na visiwani, Kenya na Tanzania, kabati hilo lilisimama sebuleni likiwa na seti ya vikombe isiyotumiwa ila kwa mgeni, glasi, birika la chai na picha za harusi. Tofauti yake na zidaka ni mahali: zidaka zilikuwa chumba cha ndani kabisa, ilhali kabati liliwekwa pale mgeni anapokaa. Runinga ilipoenea, kabati lilitengenezewa nafasi ya kuiweka katikati, na vyombo vikasogezwa pembeni.

Zidaka zinarudi

Uhifadhi ulianza kurudisha ufundi wa zamani. Zanzibar iliunda mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe mwaka 1985, na mwaka uliofuata Lamu ikalindwa kisheria kama eneo la kale. UNESCO iliutambua Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001. Utalii ulifuata. Nyumba za kale za Lamu, Shela na Unguja zilinunuliwa na kufanywa hoteli, na wenye nazo walitaka zidaka, boriti, vitanda vya samadari na makasha. Kutoka hotelini, mtindo huo umefika kwenye nyumba mpya za Mombasa na Dar es Salaam, ambako mafundi wa jipsamu hukata vishubaka vyenye matao na kuvitia taa ndogo za rangi. Chini yake hukaa runinga, na pembeni maua ya plastiki au chetezo cha udi.

Jipsamu ina faida zake: ni nyepesi, haihitaji miezi ya kusubiri, na fundi mmoja huweza kuimaliza sebule kwa siku chache. Kwenye nyumba mpya ya matofali hakuna ubaya wowote. Kwenye nyumba ya kale, hatari iko kwenye saruji na rangi za plastiki. Ukuta wa matumbawe uliopigwa lipu ya saruji hushindwa kupumua. Maji na chumvi hubaki ndani, lipu huanza kubanduka, na boriti zilizopachikwa humo huoza kuanzia ncha zake. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeharibika kwa matengenezo ya aina hiyo, yaliyofanywa kwa nia njema.

Historia inaonyesha kwamba kubadilisha mapambo hakujawahi kuwa kosa katika pwani hii. Kila kizazi kimeleta vyombo vyake, na ukuta umevipokea. Kwa hiyo mwenye nyumba ya kale yuko huru kuchagua makochi, rangi na taa za mtindo anaoupenda, mradi lipu ya ukuta wake ibaki kuwa ya chokaa na ipigwe na fundi anayeijua kazi hiyo.